EUGÈNE CHRISTOPHE: MWENDESHA BAISKELI ALIYEGEUKA MHUNZI

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Je, ndugu msomaji, yule anayevumilia miaka nenda miaka rudi na mbivu zikaliwa na wengine, tumwiteje? Hebu tutazame maisha ya Eugène Christophe, Mfaransa ambaye hakuwahi kushinda mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, yaani Tour de France, lakini jina lake halijasahaulika hadi leo.

Christophe alizaliwa tarehe 22 Januari 1885 huko Malakoff, karibu na jiji la Paris. Hakutoka katika ukoo wa matajiri. Akiwa kijana alijifunza kazi ya ufundi wa kufuli, akazoea tupa, nyundo na chuma cha moto. Weka jambo hilo akilini, maana litamfaa mbele ya safari.

Mwaka wa 1906 alishiriki Tour de France kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1910 alishinda mbio za kutoka Milan hadi San Remo kule Italia, siku ambayo theluji ilianguka vibaya sana mlimani. Wengi waliacha njiani, na waliofika mwisho walikuwa wachache mno. Yeye alifika wa kwanza, lakini baridi ilikuwa imemuumiza hata akalazwa hospitalini.

Sasa tufike mwaka wa 1913, mwaka uliompa jina. Siku hiyo safari ilikuwa kutoka Bayonne hadi Luchon, kilomita 326, kupitia milima ya Pyrenees. Wanafunzi wa Jiografia wataielewa nchi hiyo upesi. Zamani za kale mito ya barafu iliteremka polepole kutoka vileleni, ikachimba mabonde mapana yenye kuta zilizosimama wima. Barafu ilipoyeyuka, watu wakajenga vijiji chini mabondeni na kulisha kondoo na ng'ombe. Barabara nazo zikalazimika kupanda kutoka bonde moja, kuvuka mlima, na kuteremka bonde la pili. Wakati huo hazikuwa na lami, zilikuwa za mawe na vumbi tu.

Christophe alipanda mlima Tourmalet, wenye njia inayofika mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, akiwa na matumaini makubwa ya kushika uongozi wa mashindano yote. Kumbe ajali haina kinga! Alipokuwa akiteremka upande wa pili, uma wa mbele wa baiskeli, ule ambao mafundi wetu huuita foki, ukavunjika. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Sheria za siku hizo zilikuwa kali: mshindani alitakiwa kutengeneza baiskeli yake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu yeyote.

Basi alifanya nini? Aliibeba baiskeli begani, akatembea kama kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Huko akaonyeshwa karakana ya mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kugusa chochote, maana wasimamizi walikuwa wamesimama pale wakitazama. Christophe akakoleza moto, akashika nyundo, akaufua uma wake mwenyewe. Lakini mtu ana mikono miwili tu, naye hakuweza kushika chuma huku akivukuta moto. Mvulana mmoja akamvukutia. Kwa msaada huo mdogo tu, ati akaadhibiwa dakika 10, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa 3! Alipoteza zaidi ya saa tatu hapo kijijini. Hata hivyo alipanda baiskeli yake, akavuka milima miwili iliyobaki na kufika Luchon. Mwisho wa mashindano alikuwa wa 7.

Vita Vikuu vya Kwanza vikasimamisha mashindano kwa miaka kadhaa. Yaliporudi mwaka wa 1919, Christophe alikuwa na umri wa miaka 34. Tarehe 19 Julai mwaka huo, mjini Grenoble, alikuwa mtu wa kwanza kuvishwa fulana ya manjano ya kiongozi wa mashindano, rangi ya kurasa za gazeti la L'Auto lililoyaandaa. Zikiwa zimebaki siku mbili tu za mbio, akiongoza, uma ukavunjika tena! Akautengeneza, lakini Firmin Lambot wa Ubelgiji akanyakua ushindi na yeye akawa wa 3. Wananchi wa Ufaransa walimhurumia, wakamchangia fedha nyingi kuliko zawadi ya mshindi. Mwaka wa 1922, akiteremka mlima Galibier, uma ukavunjika mara ya tatu.

Aliendelea hadi 1925, akiwa na miaka 40. Alifariki tarehe 1 Februari 1970, akiwa na miaka 85. Leo pana sanamu yake kijijini Sainte-Marie-de-Campan, ameinua juu uma uliovunjika.

Wanafunzi wenzangu, wangapi kati yetu wanamkumbuka aliyeshinda mwaka wa 1913? Alikuwa Philippe Thys, bingwa kwelikweli. Lakini pale kijijini aliyechongewa sanamu ni yule aliyechelewa. Mtihani ukikuendea kombo, usiitupe kalamu. Ingia karakanani, washa moto, umalize safari yako.