Muhumusa wa Nyabingi: mke wa mfalme aliyefungwa Bukoba na kufia Kampala

Ukimuuliza kijana wa Murusagamba au wa Ngara mjini maana ya neno Nyabingi, huenda akakutajia muziki wa rege, ngoma za Marasta na picha ya mfalme Haile Selassie. Hatakuwa amekosea. Lakini neno hilo halikuzaliwa Jamaika. Lilizaliwa huku kwetu, katika nchi za milima na ng'ombe zilizo kati ya Karagwe, kaskazini mwa Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda. Na mtu aliyelifanya jina hilo liandikwe katika barua za maofisa wa Kijerumani na wa Kiingereza alikuwa mwanamke.

Wengi humwita Muhumusa. Wanyarwanda wengine humwita Nyiragahumuza. Makala haya yanaeleza maisha yake, na swali ambalo maisha hayo yaliliacha katika vijiji alivyopita: mtu anapopewa utii kwa sababu ya imani, ana haki ya kudai nini kutoka kwa wanaomwamini, na kutoka kwa wasiomwamini?

Kwanza tueleze Nyabingi ni nini. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulisikia neno lenyewe: bingi ni vingi, na Nyabingi ni mwenye vingi. Ni roho ya kike inayotoa uzazi, mifugo na mavuno, na inayoweza pia kuvizuia. Masimulizi ya asili yake yanatofautiana. Wengine wanasema alikuwa malkia katika upande wa Karagwe, akauawa na mumewe, kisha roho yake ikaanza kudai haki yake. Masimulizi ya Ndorwa yanamtaja malkia Kitami. Yapo pia yanayosema alikuwa mjakazi tu. Malkia au mjakazi, katika yote ni mwanamke aliyedhulumiwa au kupoteza alichokuwa nacho, na akapata nguvu baada ya kufa.

Wasikilizaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba imani ya namna hii haikuwa ngeni kwa jirani zake. Warundi walikuwa na Kiranga, Wanyarwanda walikuwa na Ryangombe, Wahaya walikuwa na Wamara na Mugasha. Ibada hizo huitwa kubandwa. Mtu anaingizwa katika ibada, roho inampanda, naye anasema na kutenda kwa niaba yake. Jambo ambalo watafiti wa historia wamelitilia mkazo ni nafasi ya wanawake humo. Katika jamii ambazo mwanamke hakukaa kwenye kiti mbele ya wanaume wala hakuamua kesi, mwanamke aliyepandwa na roho aliweza kufanya hayo. Kwa muda wa ibada aliheshimiwa kama mkubwa. Ibada ikiisha, wengi walirudi jikoni na shambani kama kawaida.

Nyabingi ilikwenda mbali zaidi. Wasemaji wake, walioitwa abagirwa, wake kwa waume, waliweza kubaki na heshima hiyo maisha yao yote. Mwanamke msemaji wa Nyabingi aliketi amejifunika vazi la gome la mti, akabadili sauti, akapokea pombe, mbuzi, majembe na ng'ombe kutoka kwa waliokuja na shida zao. Hakuhitaji kuwa wa ukoo fulani, wala hakuhitaji ruhusa ya mwami. Ndiyo maana ikulu ya Rwanda haikuipenda Nyabingi hata kidogo.

Muhumusa aliingia katika historia kwa mlango wa ikulu hiyohiyo. Anatajwa kuwa mmoja wa wake wa mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, mfalme mpiganaji aliyefariki mwaka 1895. Mrithi wake, Rutarindwa, hakudumu. Mwaka 1896, mahali panapoitwa Rucunshu, Kanjogera, mke mwingine wa Rwabugiri, akisaidiwa na kaka zake, alimpindua Rutarindwa na kumweka mwanawe Musinga kwenye kiti. Watu wengi wa ukoo wa kifalme waliuawa. Wengine walikimbia.

Muhumusa alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Alikwenda kaskazini, Ndorwa, akidai kwamba mwanawe Biregeya ndiye mwana halali wa Rwabugiri na ndiye aliyestahili kutawala. Wapo waliotilia shaka madai hayo, wakati ule na baadaye. Lakini katika milima ya kaskazini, ambako Wakiga hawakuwahi kuipenda kodi ya ikulu, halikuwa jambo dogo kumpata mke wa mfalme anayempinga mfalme. Na Ndorwa ndiko Nyabingi ilikokuwa na nguvu. Akawa na mambo mawili kwa pamoja: madai ya kiti na sauti ya roho. Mmoja peke yake usingemfikisha mbali.

Wajerumani, waliokuwa wakitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani nchi yetu pamoja na Rwanda na Burundi, walikuwa wameamua kumlinda Musinga. Kwao utulivu ulimaanisha mwami mmoja anayetii. Wakamkamata Muhumusa na kumleta Bukoba, akawekwa huko kwa takriban miaka miwili. Kwa hiyo sehemu ya kisa hiki ni ya mkoa wetu wa Kagera, ingawa haisimuliwi sana. Katika mji ule wa ziwani aliishi mwanamke ambaye mfalme wa Rwanda hakuweza kulala usingizi mzuri akisikia jina lake.

Mwaka 1911 alikuwa nje tena. Wakati huo Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikuwa wamekwisha kukubaliana, mwaka 1910, jinsi ya kuigawa nchi ya milima ya volkano, na tume yao ilikuwa ikipita ikipima mipaka. Muhumusa alivuka mstari huo ambao kwake haukuwa na maana yoyote, akaingia upande wa Uganda na kujenga katika kilima cha Ihanga, karibu na mahali ambapo leo ni Kabale.

Hapa ndipo inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo alipojenga jamii yake, na ndipo uzuri na ubaya wake unapoonekana.

Watu waliomfuata Ihanga walikuwa na sababu. Waingereza walikuwa wameanza kuleta mawakala wa Kiganda kuitawala nchi ya Wakiga. Mawakala hao walidai chakula, pombe na kazi bila malipo, wakihukumu kwa lugha ambayo wenyeji hawakuijua. Muhumusa aliahidi kuwafukuza wageni hao. Alisema kuna ngoma takatifu iliyofichwa ardhini pale kilimani, na itakapopatikana ng'ombe watatoka ardhini kwa wingi. Iliaminiwa pia kwamba risasi za Wazungu zingegeuka maji. Mtanzania akisikia hivyo atakumbuka Maji Maji, iliyokuwa imeanza miaka sita tu kabla ya hapo kusini mwa nchi yetu. Mtu asiye na bunduki hutafuta ahadi ya namna hiyo, na si kwa sababu ni mjinga.

Kwa wanawake kulikuwa na jambo lingine. Mwanamke asiyezaa, mjane aliyenyang'anywa shamba, msichana aliyekimbia ndoa, aliona pale Ihanga mwanamke mwenzake akibebwa kwenye machela, akihukumu na kuamuru wanaume wenye mikuki. Nyabingi ilimpa mtu mahali pa kukimbilia ambapo si kwa baba wala kwa mume.

Lakini mahali hapo hapakuwa pa bure. Familia ziliwatoa mabinti wao kwa Nyabingi ili kulipa deni au kuondoa mkosi, na mabinti hao walitumika kwa abagirwa. Hawakuulizwa kama wanataka. Asiyetoa sadaka alitishiwa maradhi, utasa, kufa kwa ng'ombe. Na machifu waliokataa kumtii Muhumusa walichomewa nyumba zao. Watu wa vijiji hivyo hawakuwa Wazungu wala mawakala. Walikuwa wakulima waliojikuta kati ya moto wa Nyabingi na bunduki za serikali, na baadhi yao ndio waliopeleka habari kwa Waingereza na kuomba msaada.

Waandishi wa baada ya uhuru wamempamba Muhumusa kuwa shujaa mtupu. Maofisa wa kikoloni kabla yao walimwandika kuwa mchawi mtupu. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba nyumba zilizochomwa zisifichwe, wala zisitumiwe kufuta sababu zilizowafanya mamia ya watu wapande kile kilima. Tukumbuke pia kwamba karibu yote tunayosoma juu yake yaliandikwa na waliopigana naye. Yeye hakuacha hata mstari mmoja.

Tarehe 28 Septemba 1911, kikosi cha Waingereza pamoja na wapiganaji wa mawakala kilimshambulia Ihanga. Wafuasi wake walipigana kwa saa kadhaa. Risasi hazikugeuka maji. Wapatao 40 waliuawa, na Muhumusa mwenyewe alipigwa risasi mguuni na kukamatwa.

Ndungutse, mmoja wa watu wake, aliponyoka. Mwanzoni mwa 1912 alitokea kaskazini mwa Rwanda akijitangaza kuwa wa ukoo wa kifalme na kuwaahidi wakulima kuwaondolea kazi ya kulazimishwa. Alipata wafuasi upesi sana, akishirikiana na Basebya, kiongozi wa Watwa wa bonde la Rugezi. Aprili mwaka huo Wajerumani walimshambulia na kuvunja maasi yake, na Basebya akauawa mwezi uliofuata. Vijiji vingi vilichomwa, safari hii na serikali.

Uganda nako, mwaka huohuo wa 1912, ilitungwa sheria dhidi ya uchawi. Hili si jambo la kupita haraka. Katika lugha zetu mchawi na mganga ni watu wawili tofauti, na msemaji wa roho ni wa tatu. Mchawi hudhuru kwa siri. Mganga hutibu. Omugirwa husema hadharani, mbele ya watu, na watu humjua. Sheria ya kikoloni iliwatia wote katika kapu moja. Kuanzia hapo mwanamke aliyeongoza ibada aliweza kufungwa bila serikali kueleza kwamba alikuwa mpinzani wa siasa. Ilitosha kumwita mchawi. Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya uchawi mwaka 1928, na sheria hiyo, baada ya marekebisho, ingali katika vitabu vyetu. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, tunajua neno hilo likishabandikwa kwa mwanamke linavyoweza kumfikisha.

Nyabingi haikuisha na Muhumusa. Mwanamke mwingine, Kaigirirwa, alikuwa nyuma ya maasi ya Nyakishenyi ya Agosti 1917, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa, wengi wao mawakala wa Kiganda pamoja na jamaa zao. Humo walikuwamo wanawake na watoto. Kaigirirwa aliuawa baadaye katika mapambano na serikali. Mwaka 1928 kukawa na tukio jingine Kigezi, dogo zaidi. Baada ya hapo wengi wa vijana walikwenda kanisani, na uamsho wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipita katika milima ileile. Wanawake walisimama mbele ya watu tena, wakitoa ushuhuda badala ya kupandwa na roho.

Muhumusa hakuyaona hayo. Alipelekwa Mbarara, kisha Kampala, na Waingereza hawakumruhusu kurudi Kigezi tena. Vita Vikuu vya Kwanza vilipita. Wajerumani waliomfunga Bukoba wakaondoka. Musinga, aliyekuwa akimwogopa, akaondolewa kitini na Wabelgiji mwaka 1931 na kupelekwa uhamishoni, akafa huko Kongo. Muhumusa bado alikuwa Kampala, mwanamke mzee, mbali na milima, katika mji wa watu ambao mawakala wao ndio aliotaka kuwafukuza.

Katika miaka hiyo ya 1930 jina la Nyabingi lilivuka bahari. Gazeti moja la Jamaika lilichapisha habari ya uongo iliyodai kuwa Nyabingi ni chama cha siri cha watu weusi kinachoongozwa na Haile Selassie. Habari hiyo ilikusudiwa kuwatia watu hofu wakati Italia ilipokuwa ikiivamia Ethiopia. Maskini wa Kingston waliisoma kwa furaha, wakalichukua jina, wakaziita ngoma zao na mikesha yao kwa jina hilo. Hivyo roho ya mwanamke wa Karagwe au Ndorwa ikawa ibada ambayo, kwa miaka mingi, wapiga ngoma wake walikuwa wanaume na wanawake waliketi pembeni.

Muhumusa alifariki Kampala mwaka 1945, baada ya miaka 34 ya kuzuiliwa.