Harry Ferguson: Mvumbuzi aliyetaka mkulima alijue trekta lake

TREKTA jipya linapoingia katika boma la mkulima, majirani hukusanyika kulitazama. Rangi inang'aa, tairi zimejaa upepo, na mwenyewe hana haraka ya kuzima injini. Hata hivyo, anayezuru mashamba ya Trans Nzoia, Uasin Gishu au Narok hakosi kuona trekta jingine, lililopokelewa kwa shangwe kama hizo miaka michache iliyopita, sasa likiwa limeegeshwa chini ya mti huku kuku wakitaga kitini.

Mara nyingi trekta la aina hiyo halikuuawa na uzee. Liliuawa na vumbi lililopenya ndani ya injini, oili iliyopitwa na wakati, au rejeta iliyokauka maji mchana wa jua kali bila ya dereva kuwa na habari. Mwenyewe hubakia na mkopo wa kulipa na shamba lisilolimwa.

Miongoni mwa walioutambua msiba huu mapema ni Harry Ferguson, raia wa Ireland ambaye jina lake lingali linasomeka kwenye matrekta ya Massey Ferguson yaliyotapakaa kote nchini. Wengi wanalijua jina hilo kama chapa tu. Ni wachache wanaofahamu kuwa aliyekuwa nalo alikuwa mtoto wa mkulima, aliyechukia kazi ya shamba kiasi cha kutumia maisha yake yote kuipunguzia uzito.

Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884 katika kijiji cha Growell, karibu na mji wa Dromore, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa wa nne katika familia ya watoto 11. Baba yake alikuwa mkulima na mcha Mungu mwenye msimamo mkali, na kijana huyo hakuelewana naye sana. Mnamo 1902 alilipa kisogo shamba la baba na kujiunga na kakaye, Joe, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli na magari jijini Belfast.

Huko ndiko alikojipatia sifa kama fundi mwenye sikio kali la kutambua ugonjwa wa injini. Alishiriki mashindano ya pikipiki na magari, kisha akageukia angani. Mnamo Desemba 31, 1909, akiwa na umri wa miaka 25, alirusha ndege aliyoibuni na kuiunda yeye mwenyewe huko Hillsborough. Ilikwenda takriban mita 120 tu, lakini ilimfanya mtu wa kwanza kuruka kwa ndege nchini Ireland.

Miaka miwili baadaye alifungua biashara yake mwenyewe ya magari. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mnamo 1914, alikuwa akiuza pia matrekta yaliyotengenezwa Marekani. Kufikia 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula zilizokuwa zikielekea Uingereza, na serikali ikawa inataka kila kipande cha ardhi kilimwe. Ferguson alipewa jukumu la kuboresha matumizi ya matrekta nchini Ireland. Alizunguka mashambani pamoja na fundi wake stadi, William Sands, na alichokiona kilimhuzunisha.

Wakati huo plau ilikuwa ikivutwa nyuma ya trekta kama mkokoteni unavyovutwa na punda. Ili magurudumu yasiteleze, watengenezaji waliyafanya matrekta kuwa mazito mno, na uzito huo ukawa unashindilia udongo uliokusudiwa kulainishwa. La kutisha zaidi ni kwamba plau iliponasa kwenye jiwe au kisiki, injini iliendelea kusukuma huku magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa. Trekta lilinyanyua pua yake na kupinduka kinyumenyume, likamwangukia dereva. Wakulima wengi walipoteza maisha kwa njia hiyo.

Ferguson aliamua kuwa trekta na plau havistahili kuwa vyombo viwili vilivyofungwa pamoja, bali chombo kimoja. Baada ya majaribio ya miaka mingi, katikati ya miaka ya 1920 alipata hataza ya mfumo uliomletea umaarufu. Plau ilishikiliwa kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na kuinuliwa au kushushwa kwa nguvu ya oili iliyosukumwa na pampu. Mkono wa juu ulihisi jinsi udongo ulivyokuwa mgumu, na pampu ikarekebisha kina cha plau yenyewe. Uzito wa plau na wa udongo uliokuwa ukipinduliwa ulikandamiza magurudumu ya nyuma, hivyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito. Aidha, plau ilipogonga jiwe, magurudumu yaliteleza mahali pamoja badala ya trekta kupinduka.

Trekta lake la kwanza la majaribio, lililopakwa rangi nyeusi, lilikamilika mnamo 1933. Miaka mitatu baadaye alianza kuuza matrekta kwa ushirikiano na David Brown, mwenye viwanda vya gia nchini Uingereza. Wawili hao hawakudumu pamoja. Mnamo Oktoba 1938 Ferguson alivuka bahari hadi Dearborn, Marekani, akamwonyesha tajiri Henry Ford kazi ya trekta lake. Wazee hao wawili walikubaliana kwa kupeana mikono tu, bila ya karatasi wala wakili. Trekta lililotokana na mapatano hayo lilitoka kiwandani mwaka uliofuata.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ford alipoachia hatamu na mjukuu wake, Henry Ford II, kuchukua usukani, kampuni hiyo ilijitoa katika mapatano lakini ikaendelea kutengeneza matrekta yenye mfumo ule ule. Ferguson alienda mahakamani akidai zaidi ya dola milioni 250. Kesi ilivuta miaka, na mnamo 1952 alikubali kulipwa dola milioni 9.25.

Wakati huo tayari alikuwa na trekta lake jingine. Tangu 1946 kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kilikuwa kikiunda TE20, trekta dogo la rangi ya kijivu. Kufikia 1956 zaidi ya 500,000 yalikuwa yametengenezwa na kusafirishwa pembe zote za dunia. Mnamo Januari 1958 matatu kati yake yalimfikisha Edmund Hillary wa New Zealand katika Ncha ya Kusini, baada ya safari ndefu juu ya barafu.

Ni katika trekta hilo ambapo fikra za Ferguson kuhusu utunzaji zinaonekana waziwazi. Alikuwa mtu wa usafi na utaratibu uliowachosha wafanyakazi wake, lakini alijua kuwa mnunuzi wake alikuwa mkulima aliyezoea farasi. Mtu aliyejua kulisha farasi na kukagua kwato zake kila jioni hakuwa na budi kufunzwa desturi mpya.

Kwa hiyo alihakikisha kuwa marekebisho ya kawaida ya plau na trekta yangeweza kufanywa kwa spana moja, iliyochongwa alama za inchi ili mkulima aweze kupimia mtaro wake. Injini iliwashwa kwa kusukuma mkono wa gia mahali maalumu, hivyo haikuwezekana kuiwasha trekta likiwa ndani ya gia na kumgonga mtu aliyesimama mbele. Isitoshe, alianzisha shule huko Stoneleigh, karibu na Coventry, ambako wauzaji na wakulima walifunzwa kuendesha na kutunza mitambo hiyo. Kwake, trekta lililouzwa bila mafunzo lilikuwa nusu ya trekta.

Afrika Mashariki ilipata somo hilo kwa njia chungu. Mnamo 1947, mwaka mmoja tu baada ya TE20 kuanza kuundwa, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima njugu huko Kongwa, Tanganyika. Matrekta mengi yaliyopelekwa huko yalikuwa makuukuu, masalio ya vita kutoka Ufilipino. Madereva hawakuwa wamefunzwa ipasavyo, vipuri vilikosekana na udongo ulikuwa mgumu kama saruji. Haukupita muda kabla ya sehemu kubwa ya matrekta hayo kulala karakanani. Mnamo 1951 mradi uliachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama.

Matrekta ya leo ni makubwa na yana vifaa vingi kuliko lile la kijivu, lakini mahitaji yake ya msingi hayajabadilika. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini na trekta likiwa limesimama mahali tambarare, mmiliki hana budi kukagua oili kwa kijiti chake na maji ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani mvuke wake huchoma. Kichujio cha hewa ndicho pua la trekta. Katika vumbi la msimu wa kulima, huhitaji kukaguliwa kila siku, maana punje za mchanga zikiingia ndani ya injini huikwaruza na kuimaliza.

Trekta jipya huhitaji uangalifu zaidi katika saa zake za kwanza. Vyuma vyake vingali vinazoeana, na oili ya mwanzo hubeba vumbi la chuma. Hiyo ndiyo sababu kitabu cha maelezo huagiza ibadilishwe mapema kuliko kawaida, na nati za magurudumu zikazwe upya. Baada ya hapo hesabu hufuata saa za kazi zinazoonyeshwa na mita, wala si miezi ya kalenda.

Dizeli ihifadhiwe katika chombo safi, na tangi lijazwe jioni ili unyevu wa usiku usigeuke maji ndani yake. Viungo vyote vyenye chuchu za grisi vipakwe, na grisi kuukuu ipanguswe kwanza isisukume uchafu ndani. Katika matrekta mengi, oili inayolainisha gia ndiyo hiyo hiyo inayoinua plau, kama ilivyokuwa katika TE20. Anayeipuuza huharibu mifumo miwili kwa mpigo. Kazi inapokwisha, plau ishushwe chini na injini izimwe kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono popote.

Kila kilichofanywa kiandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na idadi ya saa. Ferguson mwenyewe aliumia kwa kukosa maandishi, na fundi atakayeitwa siku trekta linapougua atataka kujua historia yake.

Mnamo 1953 Ferguson aliiunganisha kampuni yake na ile ya Massey-Harris ya Canada. Palipotokea mvutano kuhusu dola milioni moja katika bei, alikubali suala liamuliwe kwa kurusha sarafu, akashindwa. Mwaka uliofuata aliondoka, akajishughulisha na utafiti wa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari la mashindano lililotokana na kazi hiyo lilishinda mnamo 1961 likiendeshwa na Stirling Moss, lakini mwenyewe hakuwepo kushuhudia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na majonzi na usiku mwingi wa kukosa usingizi. Alifariki Oktoba 25, 1960 nyumbani kwake Stow-on-the-Wold, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 75.

Mikono mitatu aliyoibuni sasa imo nyuma ya takriban kila trekta linalolima duniani, liwe na jina lake au la mshindani wake. Mkulima anayeishika asubuhi kupaka grisi, kabla ya jua kuwa kali, anafanya kile ambacho mzee huyo alikuwa akidai kutoka kwa kila mnunuzi wake.