Anthony Allison, mtoto wa Gilgil aliyefumbua fumbo la selimundu

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliwasili Mlima Kenya kukusanya mimea na wadudu. Mmoja wa vijana waliokuwamo, Anthony Clifford Allison, alikuwa na kazi yake tofauti. Alizunguka huku na huko nchini akiwaomba watu damu kidogo, kutoka nyanda za juu hadi pwani na hadi kandokando ya Ziwa Victoria.

Hakuwa mgeni wa nchi ile. Alizaliwa mwaka 1925 mjini East London, Afrika Kusini, lakini alikulia Gilgil, katika Bonde la Ufa, ambako baba yake alilima pareto katika shamba lililoelekea Ziwa Elmenteita. Utotoni alipenda ndege na wanyama, na akavutiwa na kazi ya Louis Leakey, aliyekuwa akichimba mabaki ya binadamu wa kale. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand alikwenda Oxford kusomea udaktari.

Lengo lake la awali lilikuwa kupima makundi ya damu ili kujua makabila ya Kenya yanahusianaje kwa asili. Kipimo cha selimundu alikiongeza tu juu ya vile vingine: tone la damu lilichanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha likatazamwa kwa darubini iwapo chembechembe nyekundu zinajikunja na kuwa na umbo la mundu. Kipimo hicho cha nyongeza ndicho kilicholifanya jina lake likumbukwe.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Katika nyanda za juu, wenye vinasaba vya selimundu hawakufika mtu mmoja katika mia. Pwani na karibu na ziwa walizidi ishirini katika mia. Lugha na nasaba hazikutosha kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa idadi ilipanda na kushuka kufuatana na mahali watu walipoishi.

Fumbo lilikuwa hili. Mtoto anayerithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama huugua, na zama hizo wengi wa watoto hao walifariki kabla ya kupata watoto wao. Kila msiba wa namna hiyo uliondoa vinasaba viwili katika jamii. Kwa hesabu hiyo selimundu ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi, lakini ilikuwapo kwa wingi. Allison alitambua kwamba sehemu zenye selimundu nyingi ndizo zenye malaria nyingi, akajiuliza kama aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye kwa kawaida haugui, anapata kinga fulani dhidi ya malaria.

Wazo hilo hakulitangaza. Alirejea kumaliza udaktari, na mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kulipima.

Kisha likafuata jaribio. Wanaume 30 wa Kiluo walijitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi; 15 walikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu, 15 hawakuwa nacho. Kati ya wasiokuwa nacho, 14 walionekana na vimelea katika damu. Kati ya waliokuwa nacho, ni wawili tu. Walitibiwa, lakini swali la kiasi gani mtu wa koloni aliweza kukataa ombi la daktari Mzungu limebaki, na wanaolisimulia jaribio hilo kama ushindi mtupu wa sayansi hulipita haraka mno.

Ushahidi mwingine haukumhitaji mtu kuambukizwa. Nchini Uganda alipima watoto 290 wa Kiganda: karibu asilimia 46 ya wasio na kinasaba hicho walikuwa na vimelea vya malaria, dhidi ya asilimia 28 ya waliokuwa nacho. Kisha akapima damu za watu karibu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 katika Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati huo. Palipokuwa na malaria kali, wenye kinasaba walifikia hata wanne kati ya kumi. Palipokosekana malaria, walikuwa nadra.

Makala zake za mwaka 1954 hazikupokewa kwa shangwe. Watafiti waliorudia jaribio la kuambukiza walipata matokeo yasiyolingana na yake, na wengine hawakuamini kwamba uteuzi wa asili unaweza kuonekana waziwazi namna hiyo kwa binadamu. Ushahidi uliongezeka polepole. Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kinasaba kimoja cha selimundu hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Kwa familia za ukanda huu, ugunduzi huo ulikuwa maelezo, haukuwa tiba. Baba na mama wenye kinasaba kimoja kila mmoja wana uwezekano wa mara moja katika nne, kwa kila ujauzito, wa kupata mtoto mgonjwa. Walichopata ni jibu kwa wale waliosema kwamba ugonjwa huo ni laana ya ukoo.

Allison hakubaki katika selimundu. Alifanya kazi London kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD. Mwaka 1981 alihamia California, katika kampuni ya dawa ya Syntex, pamoja na mkewe na mtafiti mwenzake, Elsie Eugui.

Huko walitafuta dawa ya kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, na hapa tena walianza na watoto wagonjwa. Seli hupata malighafi ya kujenga DNA kwa njia mbili: kuiunda upya, au kuokoteza iliyokwisha kutumika. Watoto waliozaliwa bila kimeng'enya kimojawapo cha kuokoteza huugua ubongo, lakini seli zao za kinga hufanya kazi vizuri kiasi. Wawili hao wakahitimisha kwamba seli za kinga hutegemea zaidi njia ya kuunda upya. Njia hiyo ikizibwa, kinga ingetulizwa huku seli nyingine zikiathirika kidogo.

Hawakulazimika kubuni sumu mpya. Asidi ya maikofenoliki, iliyogunduliwa na Mwitaliano Bartolomeo Gosio mwaka 1893 kutoka kwenye ukungu wa mahindi yaliyooza, huziba njia hiyohiyo. Waliiboresha ili ifyonzwe vizuri mwilini, na dawa iliyotokana nayo, mycophenolate mofetil, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo. Tangu hapo imetumiwa pia kwa wenye figo zilizoathiriwa na ugonjwa wa lupasi.

Allison alifariki dunia California tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88.