Humphrey Bogart: Nyota wa Hollywood aliyepita Butiaba

KAMPALA – Msafiri atokaye Kampala, akapita Masindi na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Butiaba, leo haikuti ile bandari iliyovuma enzi za ukoloni. Maji ya Ziwa Albert yalipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaiharibu, na meli ya abiria Robert Coryndon ikaishia humo humo majini. Sehemu ya mwambao ule, kama ulivyokuwa mwaka 1951, imehifadhika katika utepe wa filamu. Katika utepe huo yumo mwanamume mwembamba asiyenyoa ndevu, kofia yake imechakaa, akiendesha mashua ya mvuke iliyochoka kama yeye mwenyewe. Mtu huyo ni Humphrey Bogart, na filamu ni The African Queen.

Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mama yake, Maud Humphrey, mchoraji wa vielelezo aliyejulikana sana wakati wake. Wazazi walimtarajia afuate njia ya usomi, wakampeleka katika shule ya Phillips huko Andover, lakini alifukuzwa mwaka 1918 kabla ya kumaliza. Akajiunga na jeshi la majini la Marekani wakati Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni. Aliipenda bahari, mapenzi ambayo hayakumtoka hadi mwisho wa uhai wake.

Umaarufu ulichelewa kumfikia. Alikaa miaka mingi jukwaani akicheza nafasi ndogo za vijana watanashati ambao hakuna mtazamaji aliyewakumbuka alipofika nyumbani. Mlango ulifunguka mwaka 1935, alipocheza jambazi katika tamthilia ya The Petrified Forest. Studio ya Warner Bros. iliponunua haki za kuigeuza filamu, ilitaka kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Mwigizaji mkuu, Mwingereza Leslie Howard, alikataa kushiriki bila Bogart, na studio ikasalimu amri. Bogart hakuusahau wema huo: binti yake aliyezaliwa mwaka 1952 alimwita Leslie, miaka tisa baada ya Howard kufa vitani.

Hata baada ya hapo aliendelea kucheza wahalifu wanaopigwa risasi kabla filamu haijaisha. Mwaka 1941, akiwa na miaka zaidi ya arobaini, ndipo The Maltese Falcon ilipomfanya nyota. Ilikuwa filamu ya kwanza kuongozwa na John Huston, mtu ambaye baadaye angemburuta hadi Afrika. Casablanca ikafuata mwaka 1942. Katika utayarishaji wa To Have and Have Not, iliyotoka mwaka 1944, alikutana na msichana mwembamba mwenye sauti nzito, Lauren Bacall. Walioana Mei 1945, bwana akiwa na miaka 45 na bibi 20. Ilikuwa ndoa yake ya nne, na ndiyo iliyodumu.

Wasifu wa nyota huandikwa kama orodha ya ushindi, basi tuseme na lisilopendeza. Mwaka 1947, Bunge la Marekani lilipowasaka wakomunisti katika Hollywood, Bogart aliruka hadi Washington pamoja na wenzake kuwatetea waandishi walioitwa kuhojiwa. Mwaka uliofuata, shinikizo lilipozidi, alichapisha makala ya kujitenga na safari ile. Wengi walimlaumu kwa kurudi nyuma. Mtu aliyecheza majasiri kwenye skrini alikuwa, nje yake, mfanyakazi mwenye hofu ya kukosa kazi kama wengine.

Mwaka 1951 Huston alimwita. Kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935 kilisimulia habari za nahodha mlevi na dada wa mmisionari wanaoshuka mto katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, wakitaka kuizamisha meli ya kivita ya adui ziwani. Msomaji wa Kigoma atatambua mara moja chimbuko lake: meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye ilijulikana kama Liemba. Nahodha wa kitabuni ni Mwingereza wa mitaa ya London, lakini kwa vile Bogart hakuweza lafudhi hiyo, alifanywa Mkanada. Mwenzake alikuwa Katharine Hepburn.

Studio nyingi za siku hizo zingejenga mto wa bandia California. Huston aling'ang'ania mto wa kweli. Kazi ilianza Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, kisha ikahamia Uganda. Karibu na Butiaba kilijengwa kijiji chenye kanisa, kikateketezwa kwa moto mbele ya kamera kama hadithi ilivyotaka. Kundi likaendelea hadi Maporomoko ya Murchison, ambako watu waliishi melini.

Bogart hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Alilalamikia joto, wadudu na chakula, huku Bacall, aliyefuatana naye bila kuwa na nafasi katika filamu, akisaidia jikoni na kuwauguza wagonjwa. Karibu kila mtu alishikwa na kuhara kwa sababu ya maji machafu, na Hepburn aliumia zaidi ya wengi. Waliosalimika ni Bogart na Huston, nao walijigamba kwamba kinga yao ilikuwa wiski. Matukio mengi ya kuingia majini yalipigwa baadaye katika matangi huko London, kwani mito yetu ilikuwa na kichocho.

Kwa taabu hizo zote alilipwa. Machi 1952 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora, akimshinda kijana Marlon Brando. Ndiyo Oscar pekee aliyoipata maishani. Aliendelea kufanya kazi hadi saratani ya umio, ugonjwa wa mvutaji sigara asiyepumzika, ilipomwondoa tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Filamu yake ya Uganda iliishi maisha yenye misukosuko kuliko ya nyota wake. Ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor, ambamo kamera nzito iligawa mwanga katika rangi tatu na kuurekodi katika tepe tatu zisizo na rangi, zinazounganishwa baadaye. Tepe hizo husinyaa kadiri miaka ipitavyo, kila moja kwa kiasi chake, hata mipaka ya sura na miti ikaacha kulingana. Tepe asilia zilikuwa Uingereza, na haki za usambazaji ziligawanyika kati ya kampuni za nchi mbili. Kwa hiyo, wakati filamu nyingine mashuhuri za Bogart zilipokwisha kutolewa kwenye DVD, hii ilibaki Marekani katika kanda za video zilizofifia. Ilichukua hadi Machi 2010, baada ya kila utepe kusafishwa na kulinganishwa upya kwa kompyuta, ndipo ikatoka kwenye DVD na Blu-ray kwa pamoja. Filamu nyingine aliyoifanya na Huston, Beat the Devil ya mwaka 1953, ilizagaa kwa miongo katika nakala mbovu zilizokatwakatwa kabla ya toleo kamili kutengenezwa upya. Nyingine za zama zile bado zimo maghalani zikingoja zamu.

Hapa Kampala, ambako sinema ya Norman iligeuka kanisa na watu wengi wameonjea filamu za kigeni katika vibanda vya video kwa tafsiri ya papo hapo ya Kiganda, diski hiyo haikupata kishindo. Hata hivyo ina jambo ambalo kanda za zamani hazikuweza kulitoa. Katika onyesho la mwanzo, ndani ya kanisa la nyasi, waumini wanahangaika na wimbo wa Kizungu wasioujua. Zamani walikuwa kivuli kimoja nyuma ya mmisionari. Sasa kila uso unaonekana peke yake, jasho, macho na mikunjo ya nguo, na mtu anaweza kumtambua babu au nyanya yake.

Majina yao hayamo katika orodha ya waigizaji. Mashua iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumikia Ziwa Albert kwa miongo kadhaa ina makao yenye jina na anwani: imo Key Largo, Florida, ikibeba watalii.