Rumanyika wa Kwanza: Mwenyeji wa Wageni wa Kafuro

Mtahiniwa, unapojibu swali kuhusu biashara ya masafa marefu ni rahisi kuishia kwa Mirambo na Tippu Tip. Ongeza mfano wa Karagwe. Rumanyika, aliyeitwa pia Orugundu, anakuonyesha jinsi mtawala wa bara alivyoweza kuishi na wageni wa dini nyingine, na gharama yake.

Asili na kutawazwa
Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Abahinda, watawala wa Wanyambo. Makao ya Omukama yalikuwa Bweranyange. Ardhi yake ilienea katika sehemu kubwa ya wilaya za leo za Karagwe na Kyerwa. Baba yake, Ndagara, alipofariki katikati ya miaka ya 1850, Rumanyika aligombania kiti na ndugu yake Rogero. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba Musa Mzuri, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya India aliyekaa Unyanyembe, alitumia pembe za ndovu kumpatia msaada wa Kabaka Suna wa Buganda. Zingatia jambo hili: tangu mwanzo utawala wake ulikuwa na deni kwa wafanyabiashara.

Kafuro, kituo cha biashara
Karibu na Bweranyange palikuwa na Kafuro, kituo kwenye njia ya kutoka Unyanyembe kwenda Buganda. Ungefika hapo ungekuta Waarabu, Waswahili na wapagazi Wanyamwezi. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Waliondoka na pembe za ndovu na watumwa. Mkazi wake mashuhuri alikuwa Ahmed bin Ibrahim, anayekumbukwa kwa kufika Buganda mwaka 1844 na kumweleza Suna habari za Uislamu.

Rumanyika hakusilimu. Aliendelea na ibada za mababu na sherehe za mwezi mwandamo, huku wageni wakiishi jirani kwa kufuata dini yao. Linganisha na Buganda: Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1876 akaamuru Waislamu waliokaidi mamlaka yake wauawe. Mwaka huohuo Stanley alipita Karagwe na kumkuta Ahmed bin Ibrahim akiishi Kafuro kwa amani.

Wageni kutoka Ulaya
Speke na Grant walifika Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki chini ya uangalizi wa Omukama hadi Aprili. Wote wawili waliandika kwa heshima juu ya ukarimu wake.

Kifo na matokeo
Rumanyika alifariki mwaka 1878. Warithi waligombania kiti na Karagwe ikadhoofika. Wafanyabiashara nao walizidi kutumia njia ya mitumbwi kuvuka Ziwa Victoria, na Kafuro ikapoteza umuhimu. Wajerumani walipofika katika miaka ya 1890, walikuta dola iliyochoka. Jina lake limebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019.

Kumbuka katika insha
Usimsifu tu. Eleza pande zote mbili: uvumilivu wake ulileta amani, bidhaa na habari za dunia, lakini biashara ileile ilichukua watu na tembo, na ilitegemea njia ambayo Omukama peke yake hakuweza kuilinda. Mtahini hutafuta hoja inayotokana na ushahidi, siyo orodha ya majina.

Maswali ya kujipima
1. Eleza mchango wa Musa Mzuri katika utawala wa Rumanyika.
2. Linganisha namna Rumanyika na Mutesa walivyohusiana na Waislamu.
3. Je, biashara ya Kafuro iliimarisha Karagwe au iliidhoofisha? Toa hoja tatu.