Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu: Tabasamu Lililositiri Usiku wa Roho

Katika makanisa na nyumba zetu nyingi, kuanzia Bukoba mjini hadi vigango vya Muleba, tunaiona picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu: mtawa kijana aliyekumbatia msalaba na maua ya waridi, uso wake umetulia. Jimboni Bukoba limo hata shirika la masista lenye jina lake. Kwa kuizoea picha hiyo, twaweza kudhani kwamba moyo wake haukujua uchungu. Maisha yake yanasema vingine.

Teresia Martin alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake, Zélie, alifariki kwa saratani ya matiti mwezi Agosti 1877, Teresia akiwa hajatimiza miaka mitano. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mwenye haya na mwepesi wa machozi. Alimshika dada yake Paulina awe mama yake wa pili. Lakini mwaka 1882 Paulina naye aliondoka kwenda monasteri ya Wakarmeli, Lisieux. Miezi michache baadaye Teresia alishikwa na ugonjwa wa ajabu, wenye kutetemeka na hofu kubwa. Alipona tarehe 13 Mei 1883, siku ya Pentekoste, dada zake wakiwa wanasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Hata hivyo, ule wepesi wa kulia uliendelea hadi Noeli ya mwaka 1886, alipojaliwa nguvu mpya ya moyo.

Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15, aliingia Karmeli. Haukupita mwaka, baba yake mpenzi, Louis, akarukwa na akili. Mwezi Februari 1889 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur, mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu. Watu wa mjini walinong'ona kwamba mabinti zake ndio waliomvunja moyo kwa kuingia utawani. Teresia aliyajua maneno hayo, na ukuta wa monasteri ulimzuia kwenda kumwuguza baba yake. Familia yoyote iliyowahi kumsitiri nyumbani mgonjwa wa namna hiyo, huku majirani wakitafuta wa kumlaumu, inaielewa huzuni hiyo bila kuelezwa.

Jaribu kubwa zaidi lilikuwa bado. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitema damu, dalili ya kifua kikuu. Siku chache baadaye, katika kipindi cha Pasaka, giza liliifunika roho yake: furaha ya kuifikiri mbingu ilitoweka, na mawazo yakamjia kwamba baada ya kifo hakuna kitu. Masista wenzake walimwona akitabasamu, akitania na kufanya kazi zake. Wengi hawakujua lolote.

Alifanya nini? Aliendelea kusali pasipo kuonja utamu wa sala. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akaibeba kifuani. Alizidisha matendo madogo ya upendo, hasa kwa masista waliomchosha. Tena, na hili tusilipite haraka, hakulificha giza hilo kwa kila mtu. Alimweleza padre, na mwezi Juni 1897 alimwandikia mkuu wa monasteri, Mama Maria wa Gonzaga, hali yake waziwazi. Maumivu yalipomzidi, aliwaonya wauguzi wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye mateso makali. Alijua jinsi mtu anavyoweza kufikishwa ukingoni.

Katika miaka hiyo aliandikiana barua na kaka wa kiroho, Maurice Bellière, kijana aliyejiunga na Wamisionari wa Afrika, shirika lilelile lililofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892. Bellière alipanda meli kuelekea Afrika tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake Teresia akafariki, akiwa na miaka 24. Padre huyo alitumwa Nyasaland, Malawi ya leo, akarudi Ufaransa akiwa mgonjwa, na mwaka 1907 alifia Bon Sauveur, hospitali ileile alikolazwa baba yake Teresia. Kanisa lilimtangaza Teresia mtakatifu mwaka 1925, msimamizi wa misioni mwaka 1927 na mwalimu wa Kanisa mwaka 1997.

Sisi wa Kagera tumezika wengi: wa Ukimwi tangu miaka ya 1980, wa MV Bukoba mwaka 1996, wa tetemeko la Septemba 2016. Tumejifunza kufuta machozi upesi na kurudi shambani. Teresia anatufundisha kwamba giza la moyo si dhambi, wala si ushahidi wa imani haba. Anatufundisha pia kwamba asiye na mtu hata mmoja wa kumwambia yumo hatarini. Aliyeelemewa amwendee padre wake, ndugu mwaminifu wa jumuiya, na daktari pia, kwa kuwa tiba nayo ni zawadi ya Mungu. Nasi wengine, tunapobisha hodi kwa jirani anayetabasamu daima, tukae naye kitambo, tumsikilize, tusimhukumu.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.