Naftali Temu: Msee wa Nyamira aliyezima mwenye jina

Naftali Temu, soja wa Nyamira aliyezaliwa 1945, alianza bila kelele: Olimpiki ya Tokyo 1964, nafasi ya 49 kwa marathoni. 1966 huko Kingston akamchapa Ron Clarke wa Australia, mbio za maili 6. Bado Mexico 1968 sifa zote zilimwendea Clarke, mwenye rekodi ya dunia ya mita 10,000. Lakini mji huo uko juu, zaidi ya mita 2,200, na hewa ni nyepesi. Clarke akamaliza wa sita, akazirai. Temu akampita Mamo Wolde karibu na utepe: dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa Olimpiki!

Munich 1972, sasa jina likiwa lake, hakufika fainali. Alifariki 2003, maskini. Jina kubwa halikimbii, wadau.